Macho ya Koko Barabarani

Tangu tulirudi munaniuliza tu. Kwenye bomba la maji munaniuliza, darasani munaniuliza, hata kwenye foleni ya kusaga mahindi: "Zaituni, kulienda ginsi gani Lilongwe? Kwa nini Koko yako amebadilisha kiti?" Na mi munanijua. Mtu akiniuliza mbele ya bantu, maneno yanarudi tumboni. Basi nimekaa nikaandika. Someni, mupitishiane, kisha muniache nichote maji yangu. Mambo ya karatasi za ruhusa na ya kupanga siku na daktari nayaruka, juu hakuna mtu anapenda kusoma hayo.

Nyumbani mpaka lami

Kwa wale wasiotujua vizuri: Koko ni baba ya baba yangu. Wazee wa Kindu hapa kambini wanamuita Shofere, na hilo jina hakupewa bure. Ujana wake wote aliendesha malori kutoka Kindu kwenda Bukavu, kule Kongo, ndani ya pori la Maniema, kwenye barabara ambazo akizisimulia unafikiri anasimulia mito.

Pikapu yetu nyeupe munaijua. Inaletea duka letu mafuta, sabuni na vitunguu kutoka Old Town, kule Lilongwe. Baba yangu hataki hata kugusa volan, yaani usukani. Shangazi Mariamu, dada yake Baba, alijifunza kuendesha hapahapa Malawi na permi, karatasi ya kuendesha, anayo, lakini Koko alikuwa hajawahi kumpa ufunguo. Kila akiomba, Koko anamjibu, "Weye utaendesha siku mi nitakufa."

Sasa kabla ya hii safari, Koko aligusa na pikapu ukuta wa mashine ya kusaga pale karibu na soko. Hakuna aliyeumia, yalianguka matofali tu. Lakini Baba alikasirika. Akasema mbele yetu sote:

"Baba, macho yako imechoka. Utaenda Lilongwe, daktari akupime. Akisema macho iko muzuri, ufunguo ni yako, hakuna mutu atakusumbua tena. Akisema hapana, unamupa Mariamu."

Koko alitoa ufunguo mfukoni, akaugeuzageuza. Muelewe kwamba kwa Koko ule ufunguo si chuma. Hapa hana shamba, hana lori, hana Kindu. Ana ufunguo. Halafu akasema, "Sawa. Lakini kwa daktari nitaenda nikiendesha miye mwenyewe."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mutu anaenda kuuliza kama anaona, na njo yeye anashika volan!"

Mi nilitumwa juu ya Chichewa, lugha ya hapa, nitafsiri kwa daktari. Shangazi angebaki Old Town kununua vitu, na Koko anajua "zikomo" peke yake, yaani aksante, na hiyo nayo anaitumia kwa kila kitu, hata kwa kusalimia.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Hatukufika mbali. Pale chini kidogo ya soko, njia yote ilikuwa maji mekundu. Koko akazima motokari. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia ndani ya maji kwa miguu, polepole, anakanyaga hapa, anarudi, anakanyaga pale. Watu wa kabaza walisimamisha baiskeli zao za abiria kumuangalia. Mi nilitaka kuingia chini ya kiti.

"Baba!" Shangazi akapiga kelele dirishani. "Ni matope kidogo tu! Pita!"

"Motokari haina miguu ya kusikia," Koko akajibu bila kugeuka. "Miye njo miguu yake."

Akachomeka vijiti viwili mahali pagumu. Wakati ananawa, motokari ingine nzuri, mpya, ikatupita kwa haraka, ikaingia katikati ya yale maji, ikalala pale. Koko hakucheka. Akapanda, akapitisha pikapu kati ya vijiti vyake taratibu, akashuka tena, akatoa kamba nyuma, akamvuta yule bwana mwenye ile motokari. Bwana alikuwa amevaa tai. Alimshika Koko mikono yote miwili: "Zikomo kwambiri, agogo! Zikomo!"

"Anasema nini?" Koko akaniuliza.

"Anasema aksante sana, babu."

"Mwambie anunue kamba."

Hiyo sikutafsiri.

Nawaambia kweli, mi nilizoea kumuona Koko kama muzee tu wa nyumbani, anayetafuta miwani wakati miwani iko kichwani kwake. Siku ile nilimuangalia miguu yake yenye matope juu ya pedali, nikafikiri: kumbe tunaishi na mtu, hatumjui.

Lami mpaka Lumbadzi

Tulipofika pale njia ya kwetu inapokutana na barabara kubwa, Koko alisimama. Hakukuwa na motokari upande wowote, lakini alisimama. Nikamsikia anasema chini chini, "Goshi. Goshi. Bismillahi." Goshi ni kushoto, druati ni kuume, kwa Kifaransa cha malori.

"Unasema na nani, Koko?" nikamuuliza.

"Na mukono. Kichwa inajua. Mukono njo naitumia habari."

Kule Kongo, kama hamkumbuki au mulitoka mukiwa wadogo, volan iko upande wa kushoto wa motokari, na motokari zinapita upande wa kuume wa barabara. Hapa Malawi vyote vimegeuzwa: volan kuume, njia kushoto. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Mi sijawahi kuendesha hata baiskeli.

Tulikaa hivi: Koko kwenye volan, mi katikati, Shangazi kwenye dirisha la kushoto. Barabara ilikuwa inang'aa kwa mvua, milima ya Dowa imekaa kwenye ukungu, na malori makubwa ya kwenda kaskazini yanatupita na upepo unaotikisa mlango. Kila lori likija Koko anakaza mikono, likipita analegeza. Na kila kona, hata kona ndogo ambayo mtoto wa shule asingeiita kona, alipiga honi.

"Baba, hapa si pori ya Maniema," Shangazi akamwambia. "Bantu banatuangalia."

"Njo vizuri. Mutu mwenye anakuangalia hawezi kukugonga."

Shangazi akafunika uso na kitenge. Mi nilicheka ndani ya shingo.

Karibu na Lumbadzi polisi walikuwa wamefunga njia. Polisi mmoja, mama mnene mwenye sauti nzuri, alikuja dirishani akamsalimia Koko kwa heshima, akauliza agogo anaenda wapi. Koko akasema "Zikomo." Ikabidi niseme mi. Nilisema kwa sauti ndogo kabisa kwamba tunaenda kupimwa macho.

"Nani anapimwa macho?" akauliza kwa Chichewa.

Nikamuonyesha Koko.

Yule mama aliangalia Koko, akaangalia volan, akamuita mwenzake aje asikie. Wakacheka. Lakini haikuwa kucheka kubaya. Akaonyesha lori lililosimama mbele sana, limebeba magunia, akaniambia nimuulize agogo anaona nini pale.

Koko hakutoa hata kichwa dirishani. "Juu ya magunia kuko bantu batatu. Ule wa kati ananyonyesha mutoto, kwa hiyo basimuangalie sana."

Nilipotafsiri, polisi alipiga mapaja. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye lori, akarudi anatikisa kichwa, akatufungulia. "Mumuambie daktari," akasema, "kwamba sisi tumeshampima."

Pale Lumbadzi tulisimama tukanywa chai ya maziwa na mandasi ya moto, yale yenye mafuta yanayoshika vidole. Koko alitumbukiza lake ndani ya chai, likakatika, likazama. Akalifuata na kijiko kwa muda, uso mzito kabisa, kama anavuta ile motokari ya bwana wa tai. Shangazi alikuwa anamuangalia. Nilimuona alivyomuangalia. Anataka ufunguo, hilo tunajua wote. Lakini alichukua mandasi yake akampa.

Old Town

Sitawaambia Old Town ilivyo, wengi mumefika. Ila kuipita ndani ya pikapu, mbele, ni jambo lingine. Mikokoteni, magunia yanayotembea yenyewe na miguu ya mtu chini, wauzaji wanaingiza soksi na chaja za simu dirishani, honi, minibasi, mbuzi. Mi nilishika dashibodi. Koko hakushika kitu. Alikuwa ametulia kuliko kule barabarani. Aliifuata ile motokari ya mbele, ikisimama anasimama, ikisogea anasogea, na mahali pa kuzunguka aliingia na akatoka bila kusema goshi hata mara moja.

"Koko, hapa hauogopi?"

"Hapa? Hapa barabara inajaa. Ikijaa, inakuongoza yenyewe." Halafu akasema, "Barabara ya mupweke njo mubaya."

Sikuelewa. Nawaandikia kwa sababu nilikuja kuelewa.

Tulimshusha Shangazi kwenye maduka ya jumla. Akafunga kitenge vizuri, akasimama dirishani kwa Koko. "Baba, atakuambia kweli, nawe utatuambia kweli?"

"Miye nilikudanganyaka siku gani?"

"Ile siku ulisema lori yako iliruka juu ya mamba."

"Iliruka!" Koko akasema, akaondoa motokari.

City Centre, kwa daktari

Kule ni dunia ingine. Barabara pana, miti mikubwa, majumba ya vioo ambayo mawingu yanapita ndani yake. Niliangalia mpaka shingo ikauma. Hata kelele zinabaki nyuma, kama mtu amefunga mlango.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Ukutani kulikuwa na karatasi ya alama moja tu, kama kitana chenye meno matatu, lakini imegeuzwa kila upande, na inapungua mpaka inakuwa kama sisimizi. Kazi ya Koko ilikuwa kusema meno yanaangalia wapi. Na mi nitafsiri.

"Goshi," akasema Koko. "Juu. Druati. Chini. Goshi. Goshi tena, asifikiri nitadanganyika. Druati."

"Kumanzere," nikasema mi. "Kumwamba. Kumanja. Pansi. Kumanzere. Kumanzere. Kumanja."

Hakukosea. Jicho moja likafunikwa, hakukosea. La pili, akakosea kidogo kwa sisimizi wa mwisho, na daktari akasema hata yeye mwenyewe wale hawaoni vizuri. Akamulika ndani ya macho yake na taa ndogo, akamulika tena. Nilikuwa naomba Mungu. Mwishoni akasema kwa miaka ya agogo, macho haya ni neema. Miwani mpya kwa kusoma, basi.

Halafu akanigeukia mi. Akasema kuendesha si macho tu, na kwamba mara nyingi anayejua zaidi ni yule anayekaa pembeni. "Wewe unayekaa karibu yake, umeona kitu?"

Nikafikiria vijiti kwenye maji. Nikafikiria yule mama juu ya magunia.

"Hapana," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Barabara ya miti

Tulitoka pale kama watu wa arusi. Koko alivaa kofia yake upande, akaanza kuimba kidogo kwa pua. Akatoa pikapu getini, akakata volan, tukaenda.

Ile njia ilikuwa kimya. Hakuna motokari, hakuna mtu. Kuta ndefu zenye maua juu, na miti imeshikana matawi juu yetu, jua linaanguka vipande vipande kwenye lami. Mi niliangalia miti. Kulikuwa na kitu kinanisumbua, kama ukiingia nyumbani na ukute mtu amegeuza kitanda, lakini sikujua ni nini. Nilimuangalia Koko. Mabega yalikuwa yamelegea, mikono imelala juu ya volan. Sijawahi kumuona anaendesha kwa amani namna ile. Hakukuwa na goshi, hakukuwa na honi.

Njo baadaye nilielewa. Alikuwa Kindu. Tulikuwa tunaenda upande wa kuume wa barabara.

Kwenye kona, mbele, ikatokea kabaza. Kijana anakanyaga, nyuma amekaa mama na mtoto amempakata. Walikuwa upande wao wa haki, kushoto kwao. Sisi tulikuwa juu ya njia yao. Nikafungua mdomo. Munaujua mdomo wangu. Haukutoa kitu.

Koko aliwaona. Hilo nataka mulishike: aliwaona mbali, aliwaona kabla yangu. Akakanyaga freni, na mikono yake ikavuta volan kuwapisha, kama ilivyofanya maisha yake yote. Ikavuta kuume. Na yule kijana naye akakimbilia kushoto kwake, kwenye majani. Tukawa wote tunakimbilia majani yaleyale.

Pikapu ilisimama. Kabaza ilikuwa imelala mbele ya bampa yetu, gurudumu linazunguka. Mama amekaa kwenye majani na mtoto kifuani. Ndala yake moja ilikuwa juu ya boneti yetu. Mtoto hakulia, alikuwa anaangalia ile ndala tu. Na juu ya mti ndege mmoja aliendelea kuimba kana kwamba hakukutokea kitu.

"Agogo!" kijana akapiga kelele. "Kumanzere! Ku Malawi kuno ndi kumanzere!" Hapa Malawi ni kushoto.

Koko alishuka. Alienda mpaka kwa yule mama akapiga magoti kwenye majani, yeye na ndevu zake nyeupe, akashika miguu ya mtoto, moja, nyingine, anaifinya polepole, anatafuta maumivu. "Pole mama. Pole mama. Pole." Alisahau kwamba hawajui Kiswahili. Na mi, sijui ilitoka wapi, sauti yangu ilitoka kubwa, barabara nzima ikaisikia: "Pepani, amayi! Pepani! Mwavulala?"

Hawakuumia. Mkwaruzo kidogo kwenye kiwiko cha kijana, basi. Mama akamuangalia Koko, akaona bado amepiga magoti, anarudia pole tu, hasira ikamtoka. Akaniuliza kama agogo ni mgonjwa. Akatoa chupa ya maji kwenye kikapu chake akampa anywe. Kijana naye akainua baiskeli, akapangusa kiti, akasema yeye atambeba agogo kwa kabaza mpaka hospitali, bure kabisa, kuna daktari hapo nyuma, karibu sana.

"Tumetoka kwake," nikamwambia. "Amesema ni mzima."

Kijana aliangalia Koko. Akaangalia pikapu, ilivyokaa upande usio wake, pua ndani ya majani. "Mzima?" akasema.

Koko alikaa kwenye ukingo wa barabara, chupa mkononi. "Zaituni. We uliona?"

"Niliona, Koko."

"Na miye niliona. Bote. Mama, mutoto, hata kile kikapu. Njo ile inaniogopesha." Aligeuza mikono yake, akaiangalia kama ya mtu mwingine. "Macho iko hapa. Mukono ilienda kwao."

Halafu yule kijana, nilipomueleza mambo ya Kongo na kuume, alifikiri, akasema, basi agogo amfuate yeye. Akawapandisha mama na mtoto, akatangulia, kushoto kabisa, polepole. Sisi nyuma yake. Na Koko akaniambia, "Fungua kinywa. Kila kona unaniambia goshi. Kwa nguvu. Nisiposikia, nipige bega."

Nilipiga kelele, jamani. Mi! "GOSHI, KOKO! GOSHI!" Watu walisimama kando ya njia. Motokari zikajaa nyuma yetu zinapiga honi, na mbele yetu baiskeli moja yenye mama na mtoto inatuongoza kama sisi ni msafara wa rais. Mtoto alikuwa amegeuka anatuangalia, anacheka. Mpaka tukafika kwenye barabara iliyojaa, kijana akainua mkono, akakata kona, akaenda. Jina lake sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kawale

Mvua ilirudi kabla ya kumaliza kupakia vitu vya Shangazi pale Old Town, kwa hiyo tulilala Kawale, mtaa wa karibu, kwa Mama Esperansi, yule Mrundi aliyekuwa jirani yetu wa kambi, anauza mboga huko sasa.

Shangazi alingoja mpaka Koko anawe mikono. "Basi, Baba. Daktari alisema nini?"

"Alisema macho iko muzuri."

Shangazi akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa kazi nzito kuliko magunia yote ya siku ile. "Alhamdulilahi," akasema. Kisha akatoka kwenda kufunga turubai la pikapu, wakati mi niliona alishalifunga.

Mama Esperansi alipika nsima, ugali wa hapa, na samaki wadogo wa ziwa, na akatuambia mara nyingi kwamba ndagala wa Burundi ni watamu kuliko hawa, hawa ni ndugu zao masikini. Koko alikula kidogo, anaviringisha tonge moja mpaka linapoa. Kila nikiinua mkono nilisikia lile swali la daktari: wewe unayekaa karibu yake, umeona kitu? Nilikuwa nimejibu mapema mno. Kesho ile barabara ndefu, asubuhi, tupu. Shangazi dirishani, hajui kitu. Na mi katikati, na mdomo huu.

Lakini kumsemea Koko, muzee wangu, mbele ya mtoto wake? Nililala nikitengeneza sentensi moja.

Kurudi

Asubuhi pikapu ilikuwa tayari. Shangazi alikuwa ameshafungua mlango wa kushoto. Mama Esperansi alikuwa ametufungia viazi vitamu kwenye plastiki. Nikajongea.

"Shangazi," nikasema. Akageuka. Sentensi yote ikakimbia.

"Muache mutoto." Ilikuwa Koko, anatoka ndani, kofia imenyooka. "Iko na kitu kubwa kinywani, itamuvunja meno. Ni yangu, nitasema miye."

Na akasema. Pale nje, mbele ya Mama Esperansi na vijana wa kupakia, alisema yote: barabara ya miti, kabaza, ndala juu ya boneti. Hakupunguza kitu. Alisema hata ule ukuta wa mashine ya kusaga aliuona vizuri sana, kila tofali. Sijawahi kuona mtu mzima akijivua namna ile mchana kweupe, na kadiri alivyojivua, mi nilimuona anakuwa mrefu.

"Daktari alipima macho," akamaliza. "Hakupima mukono. Mukono bado iko Kongo, na miye sitaki kuua mutoto ya mutu juu yake."

Akatoa ufunguo mfukoni, akanipa mi, nami nikampa Shangazi. Shangazi aliushika kwa vidole viwili kama ni kitu cha moto.

"Baba, ulisema nitaendesha siku utakufa."

"Nilibadilisha. Nataka kuona kama unajua."

Shangazi alilia kidogo, akafuta na kitenge, akazunguka kwenda kuume. Na Koko akazunguka kwenda kushoto. Akapanda. Akavuta mlango. Na hapo akaangalia kioo cha mbele, akaangalia dirisha, akainua mikono yote miwili, akaiweka hewani, hapo ambapo volan ingekuwa. Kidogo tu. Kisha akaishusha magotini.

"Miaka yote nilikaaka upande huu," akaniambia. "Nilisahau ginsi dunia inaonekana huku."

Shangazi anaendesha vizuri, nawaambia. Hakuwahi kujua upande mwingine, mkono wake ulizaliwa hapa. Ila Koko hakumuachia pumzi. "Piga honi." "Baba, hakuna kona." "Kuko." Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili alikataa. Tulipofika milima ya Dowa alipiga mwenyewe, bila kuambiwa, na Koko akaangalia nje ya dirisha ili tusione uso wake.

Tukaingia njia ya kambi. Maji mekundu bado yalikuwepo, vijiti vya Koko vimebebwa na mvua. Mi nilimuona Koko anafungua kinywa. Lakini Shangazi alishazima motokari. Alikuwa anavua viatu. Akakunja kitenge, akaingia ndani ya maji kwa miguu, anakanyaga hapa, anarudi, anakanyaga pale, na watu wa kabaza wakasimama kumuangalia kama walivyomuangalia baba yake. Koko alimfuata kwa macho mpaka ng'ambo.

Karibu na msikiti wazee wa Kindu walikuwa wamekaa kwenye benchi lao. Walimuona kwenye dirisha la kushoto, mahali pa shofere wa kwetu, wakainuka wote.

"Shofere! Umerudia Kongo?"

"Nimerudia!" Koko akawajibu, mkono juu.

Hapo mbuzi akaruka mbele yetu. Mguu wa Koko ukakanyaga sakafu, puu, kwa nguvu zake zote, na pikapu ikasimama. Mguu wa Shangazi ulikuwa umekanyaga freni wakati uleule. Mbuzi akapita, hana hata haraka.

Koko akaangalia sakafu tupu chini ya kiatu chake, halafu akaniangalia mi.

"Uliona, Zaituni? Hata upande huu iko freni."